Strand, Nambari Hamsini na Nne

Stava anasema baba yangu alilia mbele ya jenerali. Anasema alipiga magoti kwenye nyasi za uwanja wa gwaride, akashika buti la mkubwa yule na kusema, "Niachie jina langu, bwana, niachie," mpaka jenerali akalazimika kuuvuta mguu wake. Stava ni jirani yetu, kijumba chake kiko ng'ambo ya kijito. Hadithi hii ameisimulia kwa kila aliyemkaribisha kahawa, akiinywa kwenye kisahani, donge la sukari limebanwa kwenye meno ya mbele ili lisiishe mapema.

Siku ile Stava alikuwa nyumbani, mguu umevimba. Mimi nilikuwepo. Wanawake tulisimama nyuma ya uzio na mifuko ya chakula, kwa sababu ukaguzi ni mrefu na wanaume wakitoka pale huwa na njaa. Kila askari husimama na wakulima wanaomtunza. Kwetu ni mashamba manne yaliyofungwa pamoja, yanaitwa rota, na mkuu wake ni Bwana Magnus wa Hult. Mashamba hayo humpa askari nyumba, kipande cha ardhi cha viazi, nyasi za ng'ombe mmoja, koti na buti. Yeye huwapa mwili wake. Nambari yetu ni hamsini na nne, na jina la nambari hiyo ni Strand. Aliyeishika kabla ya baba aliitwa Strand, na wa kabla ya huyo pia. Baba alipoandikishwa alikuwa Elof Jonsson, kijana mchunga ng'ombe. Aliingia mlangoni Jonsson, akatoka Strand, na mimi nimezaliwa binti wa Strand.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu majira ya baridi ya mwaka juzi. Wakubwa hawakujua. Alizijua amri zote kwa masikio, na pale ambapo masikio hayatoshi alifuata pumzi ya mtu wa kulia kwake. Angeweza kupita hivyo miaka mingine. Lakini jenerali huyu mpya alikuja akishuka na mstari, akasimama mbele ya baba, akainua mkono wake juu bila kusema neno, akangoja.

Kila mtu aliuona mkono ule. Mimi niliuona kutoka kwenye uzio. Baba aliendelea kutazama mbele, amenyooka, uso wake umetulia kabisa, hajui kama anaulizwa kitu.

Jenerali akaushusha mkono na kuwageukia wakulima. Aliwauliza kama rota imeridhika na askari wake, maana ndivyo inavyoulizwa kila ukaguzi. Bwana Magnus alitazama kofia aliyoishika.

"Ni mtu mwaminifu, mheshimiwa," alisema. "Lakini haoni."

Jenerali akaamuru aachishwe jeshi na atoke kwenye mstari. Baba hakupiga magoti. Alisema, "Ndiyo, bwana jenerali," akageuka kushoto vile inavyotakiwa, akatembea kwa hatua za gwaride mpaka akaugonga uzio kwa kifua, karibu nami. Nikampa mkono. Njiani, tulipofika kwenye kinu, akauliza, "Baada yangu waliita nani?"

"Hamsini na tano, baba."

"Na hamsini na nne?"

"Hawajaita mtu."

"Hawawezi kuiacha wazi," alisema. "Ni lazima wapate mtu kabla ya baridi."

Walimpata kabla ya mavuno. Alikuwa Algot Svensson, kibarua wa parokia jirani, mrefu, mwenye masikio mekundu, ana mke aliyeshika mimba. Bwana Magnus alimleta kwetu mchana mmoja ili apimwe koti, maana koti ni la rota, si la mtu, na mwenye kushona pale ni mimi.

"Lipunguze mabegani, Sissa," Bwana Magnus alisema. "Strand huyu ni mwembamba."

Baba alikuwa ameketi karibu na jiko akichonga kijiko. "Strand yupi?" akauliza.

Kijana akavua kofia. "Naitwa Algot, mzee."

"Huitwi Algot. Algot umemwacha kwa mama yako. Nyoosha mikono, binti akupime."

Nikapima. Baba aliendelea kuchonga na kuongea, kama vile anaongea na kijiko.

"Mlango huo unalia ukiufungua kwa pupa. Uinue kwanza, ndipo uvute. Upepo wa kaskazini ukivuma, moshi unarudi ndani. Fungua dirisha la nyuma upana wa kidole. Si zaidi, utaganda. Ng'ombe mpe maji ya kisimani, ya kijito hayapendi. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Una mke?"

"Ninaye. Hedda."

"Anajua kutulia? Askari anaondoka nyumbani kila kiangazi. Mke asiyejua kutulia atakufuata mpaka kambini na mtoto mgongoni."

"Huyo atanifuata kunigombeza," Algot akasema, na baba akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu ukaguzi.

Walipoondoka nikafumua mishono ya koti. Kwenye kola, pale shingo inapogusa, kitambaa kilikuwa cheusi na kigumu kama ngozi kwa jasho la baba la miaka yote ile. Ningeweza kuikata sehemu hiyo na kuweka kiraka. Niliigeuzia ndani.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, watu walikuwa wakitoa farasi kwenye mabanda ya kanisa. Mkulima mmoja wa rota yetu akapaza sauti, "Strand, njoo umshike huyu."

Baba na Algot wote wawili waligeuka. Baba alitangulia, mkono umenyooshwa mbele, akiifuata sauti. Vibarua waliokuwa wameegemea ukuta wakaanza kucheka.

"Si wewe, mzee. Anatakiwa yule mwenye macho."

"Strand wawili kwa viazi vya mmoja," mwingine akasema. "Rota hiyo ina bahati."

"Huyo Strand hafi, anabadilisha kichwa tu."

Baba alikuwa amesimama katikati ya uwanja na mkono wake hewani. Algot alimtazama, akawatazama wale vijana, masikio yakamwiva. Kisha akaja, akamshika farasi hatamu upande mmoja, na upande wa pili akautia mkononi mwa baba. Wakasimama hivyo, farasi mmoja na watu wawili, mpaka mwenye farasi alipopanda gari lake.

Tangu siku hiyo mchungaji akaanza kumwita Elof Jonsson. Alimwita hivyo kwa upole, barazani kwa kanisa, mara ya kwanza na ya pili. Baba hakugeuka. Nikamgusa kiwiko: "Baba, mchungaji anakusemesha."

"Alimtaja Jonsson," baba akasema. "Jonsson alikuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe. Sijui alikokwenda."

Siku ya kuhama, ya kumwachia Algot nyumba, ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Siku hiyohiyo watumishi nao hubadilisha mabwana, na mimi nilikuwa nimekwisha kuajiriwa kwa Bwana Magnus, kukamua na kusuka. Pa kulala nilikuwa napo. Baba hakuwa na pa kulala. Wazee wasio na mtu kwetu huzungushwa. Hubebwa kwenye mkokoteni na blanketi lao, shamba hili siku chache, shamba lile siku chache, mwaka mzima, na wapo wanaolazwa na kondoo. Nimemwona bibi mmoja akishushwa Hult kwenye theluji, na waliomleta hawakungoja mlango ufunguliwe.

Nilimngoja Bwana Magnus amalize viazi vyake na samaki wake wa chumvi, apanguse kisu kwenye mkate.

"Bwana, naomba baba abaki palepale, kwenye kona ya jiko. Hali sana. Nitaleta chakula chake kutoka kwenye changu."

"Nyumba si yangu, Sissa."

"Basi nimwombe Algot."

"Wala si ya Algot. Ni ya nambari. Nikiwaruhusu wawili leo, kesho kila rota itakuwa na ukoo wa wastaafu jikoni."

"Basi aje hapa nami."

"Nimeajiri mtumishi. Sikuajiri mtumishi na baba yake." Alisema bila hasira. Kisha akaona nimesimama tu, akakohoa. "Ataanzia kwangu kwenye mzunguko. Nitampa kitanda cha ndani. Nimekwisha kumwambia mke wangu." Akanikatia kipande cha nyama ya nguruwe nimpelekee baba, kipande kinene. Naamini moyoni mwake alikuwa ametenda wema mkubwa.

Sikumwambia baba. Stava ndiye aliyemwambia, siku ambayo mimi nilikuwa Hult kuchimba viazi. Alivuka kijito kwa makusudi, mguu wake umekwisha kupona.

"Nilidhani anajua," aliniambia baadaye. "Mtu mzima aanze kuzungushwa bila kuambiwa? Mimi nilimhurumia, mwanangu."

Baba mwenyewe hakunitajia mzunguko hata kidogo. Alichosema jioni ile ni hiki: "Nyumba lazima ikabidhiwe ikiwa nzima."

Kwetu, kabla askari hajatoka, wakulima huizunguka nyumba yake wakigusa kila kitu: ngazi, dari, uzio, kisima. Kilichovunjika huhesabiwa kuwa aibu ya anayeondoka. Baba aliikagua nyumba yote kwa viganja. Akashindilia upya mabonge ya udongo wenye nyasi kwenye paa, mimi nikimshikia ngazi. Akabadilisha ubao wa mlango wa zizi. Ulipobaki mfereji wa nyuma, ule unaozuia maji yasiingie chini ya sakafu, nikamwambia auache, nitaufanya mimi Jumapili. Akasema sawa.

Nilirudi kutoka Hult mvua ya barafu ikinyesha toka asubuhi, nikamkuta amesimama ndani ya mfereji, maji yamepita magoti, anachota tope kwa koleo na kulitupa nyuma bila kuona linaangukia wapi. Nusu yake ilikuwa inarudi.

"Toka, baba."

"Niambie kama maji yanakwenda."

Nikatazama. Yalikuwa yanakwenda, polepole, yakizunguka jiwe. "Yanakwenda."

"Najua. Nayasikia. Nilitaka mtu aseme."

Usiku ule akaanza kutetemeka, na kesho yake pumzi yake ilikuwa na sauti ya kitu kinachopasuliwa. Nilimpa maziwa ya moto yenye asali, nikamfunga kifua kwa sufu. Stava alileta mafuta ya kondoo na kuketi kidogo.

Wakulima walikuja kukagua yeye akiwa kitandani. Walizunguka na kofia mikononi, wakagusa mlango, wakapanda ngazi, wakauchungulia mfereji. Bwana Magnus akasimama katikati ya chumba, akasema kwa sauti ya kusikika: "Sijaona nyumba ya askari iliyotunzwa kama hii."

"Dirisha la nyuma," baba akasema.

"Lina nini?"

"Lina ufa. Msiseme sikuwaambia."

Bwana Magnus alinivuta pembeni ya zizi. Aliniambia siku ya kuhama haiwezi kusogezwa. Ya Algot nayo imefika, amekwisha kutolewa alikokuwa. Atakuja mwenyewe na gari lenye nyasi nyingi ili mgonjwa asigongwe na mawe ya barabara. "Nitakuja adhuhuri," alisema. "Mfunge vizuri."

Asubuhi ya siku yenyewe gari la Algot likafika kabla sijamaliza kuzima moto. Walikuwa na sanduku, sufuria mbili, kitanda cha mtoto, na Hedda juu ya vyote amejifunika shali, tumbo limekwisha kuwa kubwa. Algot aliuinua mlango kwanza, ndipo akauvuta. Haukulia.

Hedda akasimama pale ndani, akaangalia kitandani, akamwangalia mumewe.

"Hukuniambia kuna mgonjwa."

"Sikujua ni hivi."

"Dada," akaniambia, "mimi sina roho mbaya. Lakini wiki mbili zijazo najifungua, nitalala wapi? Kitanda ni hicho kimoja."

"Najua," nikasema. "Adhuhuri wanakuja kumchukua."

Alikaa juu ya sanduku lake katikati ya chumba, kwa sababu viti vyetu vilikuwa vimekwisha kutolewa nje.

Baba hakutujua tena. Mikono yake ilikuwa ikitambaa juu ya blanketi, ikitafuta kitu upande wa kulia.

"Wameita hamsini na tatu?" akaniuliza.

Nikaelewa alikokuwa. "Wameita, baba."

"Nimemsikia wa hamsini na tano akijibu." Akajaribu kujiinua. "Wamenipita, Sissa. Nimesimama hapa tangu asubuhi na wamenipita. Mwulize sajenti kwa nini wamenipita."

"Tulia, wataita."

"Hawarudi nyuma. Wakishakupita hawarudi." Pumzi ikamkatika, akakohoa, nikamfuta mdomo. Aliendelea kunong'ona hivyohivyo, mwulize sajenti, mwulize sajenti, na kila alipoishiwa pumzi aligeuza sikio upande wa mlango.

Nimezoea kungoja. Nimengoja watu wamalize kula, watu waamke, watu wanipe jibu. Siku hiyo niliona jua lilipofika dirishani na nikajua gari la Hult limekwisha kufungwa farasi. Nikamwendea Algot, aliyekuwa amesimama na sufuria mkononi hajui aitue wapi.

"Mwite," nikamwambia. "Simama mlangoni umwite kama wanavyoita kwenye ukaguzi."

"Mimi?" Akatazama nje kama vile kuna mtu mwingine. "Mimi ni askari wa juzi. Wanaoita ni wakubwa."

"Haoni. Atasikia sauti tu."

"Na jina lenyewe..." Akasita. "Nikiliita jina lile, najiita mwenyewe. Si ndivyo? Watu watanicheka mpaka nizeeke."

"Hakuna mtu hapa. Yupo Stava, na yuko ng'ambo."

Akatikisa kichwa. Hakuwa anakataa, ila hakuwa anakubali. Kwenye sanduku, Hedda akajifuta uso kwa ncha ya shali.

"Vaa koti, Algot," akasema.

"Hedda."

"Utalivaa miaka yote iliyobaki. Livae sasa."

Akatua sufuria. Akalitoa koti kwenye mzigo, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, ile kola niliyoigeuza. Alisimama kizingitini, ameinama kidogo kwa sababu boriti yetu ni ya chini, akabana visigino. Akaita.

"Nambari hamsini na nne. Strand."

Mikono ya baba iliacha kutambaa. Ikanyooka juu ya blanketi, kila mmoja upande wake. Na sauti iliyotoka ni ile ninayoijua tangu utoto, ya kutoka uani kabla ya safari za kambi, si ile ya mgonjwa.

"Yupo, bwana kapteni."

Nikaona begani mwa Algot mshono mmoja unataka kuachia, nikawaza kwamba nitaupitia tena. Mbali barabarani magurudumu yalikuwa yakija juu ya mawe, taratibu, kama ya mtu aliyebeba nyasi nyingi na hataki zianguke.

"Bwana kapteni," baba akasema. "Strand anaomba ruhusa."

Algot akanitazama. Nikamwonyesha kwa midomo: mwulize ya nini.

"Ruhusa ya nini, askari?"

"Ya kwenda nyumbani, bwana. Siku chache tu. Binti yangu yuko peke yake, na mvua ikija mfereji utaziba."

Algot alifungua mdomo. Nje, farasi wa Hult alisimama akapiga chafya, na Bwana Magnus akaanza kushusha ubao wa nyuma wa gari. Hedda aliinuka kwenye sanduku, akasimama kati ya mlango na kitanda, ameukabili mlango. Baba alikuwa ameuelekeza uso wake kwa mwenye koti, amejinyoosha kadiri godoro lilivyomruhusu, ametulia kabisa, anangoja aambiwe.